Upinde wa Meno

Ukimwambia mtu kwamba kuna jamaa wa miaka arobaini na tatu, mwenye mke, watoto wawili na kazi ya serikali, ambaye kila Jumamosi anashughulika na kubuni silaha, swali lake la kwanza litakuwa kama polisi wana habari. Fundi Mikono alishalizoea swali hilo. Hospitalini walimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyetengeneza mikono ya bandia. Miguu alitengeneza pia, ila jina la Miguu lilikuwa limeshachukuliwa na mlinzi wa getini aliyewahi kucheza mpira. Silaha zake zilikuwa za karatasi tu, na kwa miaka sita hakuna aliyeumizwa nazo zaidi ya mazimwi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Watu watano walikaa kuzunguka meza katika chumba cha nyuma cha duka la uchapaji, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Kila mmoja alikuwa na mhusika aliyemtunga mwenyewe: huyu mchawi, huyu jambazi aliyetubu, huyu jitu lenye huruma kupita kiasi. Mwenye duka ndiye aliyekuwa Mkuu wa Meza. Yeye alisimulia nchi ya kubuni waliyopita, na kila palipokuwa na hatari walirusha dadu kujua nani kapona na nani kaliwa. Walikuwa watu wazima wenye vipara na vidonge vya presha, lakini dadu zikishaanza kubingirika hungewatofautisha na watoto wao.

Fundi alikuwa na cheo chake pale. Yeye ndiye aliyebuni pinde za mtambo, zile ambazo upinde umelazwa juu ya kitako kama cha bunduki, kamba inavutwa nyuma mpaka inaswe na jino la chuma, kisha mshale unafyatuliwa kwa kidole. Upinde wa kawaida hakuutaka, huo mtu yeyote angeweza kuuchora. Alibuni Upinde wa Kobe, unaovutwa kwa kuukalia. Alibuni Upinde wa Ndugu Walionuniana, ambao mmoja anavuta na mwingine anafyatua, na wasiposemezana hautoi hata mshale mmoja. Alibuni unaokunjika ukawa mwavuli. Zote alizichora kwa penseli, kila skrubu mahali pake, tena kwa vipimo vya kweli, maana mwili wa binadamu aliujua: mkono unafika wapi, bega linabeba kiasi gani, kiwiko kinakataa wapi.

Na kila silaha ilitakiwa kuja na kasoro. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa ya meza ile. Mbunifu alisimama, akaieleza silaha yake, mwishoni akasoma kasoro kwa sauti, na meza isipocheka silaha ilirudi kwa mwenyewe. Ule wa Kobe ulipita kwa kishindo kwa sababu mpigaji hakuweza kukimbia mpaka kwanza aombe watu wamwinue. Silaha ikishapita iliandikwa kwenye daftari la Mkuu wa Meza na haikufutwa tena.

Tusimwonee huyu bwana kabla hajakosea. Kazi yake ya kila siku haikuwa na makofi. Mkono wa bandia ukiwa mbaya, mwenyewe atarudi kulalamika. Ukiwa mzuri, atauvaa na kumsahau aliyeutengeneza, na huko kusahau ndiko sifa yenyewe. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, kinanuka plasta mbichi na gundi. Ukutani, kwenye misumari, ilining'inia mikono na miguu ambayo haikuchukuliwa. Wenyewe walikuja mara ya kwanza, ya pili, kisha wakachoka na safari, na kitu kilichopimwa kwa mtu mmoja tu duniani huwezi kumpa mwingine. Fundi aliichukia ile misumari. Jumamosi ndiyo siku pekee watu walipompigia makofi usoni, na alikuwa akirudi nyumbani kichwa kimevimba hadi mke wake anamuuliza kama atapita mlangoni.

Basi Jumanne moja akaingia Mwalimu. Alifundisha hesabu shule ya msingi, mama wa makamo, mwembamba, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa blauzi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeliwa na mashine ya kusaga nafaka, chini kidogo ya kiwiko. Fundi akampima, akaandika kwenye fomu, na walipomaliza Mwalimu akaanza kujifunga bandeji yake upya. Fundi akainuka kumsaidia.

"Kaa, Fundi," Mwalimu akasema. "Nikishindwa nitakuita."

Hakushindwa. Aliuzungusha ule mkanda kwa mkono wa kulia, akang'ata ncha moja, akashika nyingine, akavuta. Shingo ilimnyooka upande mmoja, jicho moja likafumba, mdomo wa juu ukapanda ukaacha fizi nje, na uzi wa mate ukamteremka kidevuni. Akaufuta kwa bega bila haraka, kama mtu anayefuta chaki ubaoni.

"Hilo fundo," akasema, "ng'ombe hatoki."

Wakacheka wote wawili. Alikuwa hataki mkono mzuri wala wa kupendeza, alieleza. Alitaka wa kushikia rejista, basi, mengine alijimudu. Fundi akamsindikiza hadi mlangoni, roho yake nyeupe kabisa. Alimheshimu mama yule. Hilo liwekwe wazi, kwa sababu ndilo linaloyafanya yaliyofuata yawe mabaya zaidi.

Mwalimu alipoondoka, Fundi akagundua kwamba kwenye fomu ameandika "kulia" badala ya "kushoto". Akaandika fomu nyingine. Fomu zilizoharibika hakuwa anazitupa. Karatasi ilikuwa nzito, nyuma nyeupe, inapokea penseli vizuri, na nusu ya pinde zake zilizaliwa huko. Akaigeuza ile ya Mwalimu na kuanza kuchora. Alichora mpiga mishale mwenye mkono mmoja, mguu umekanyaga kikanyagio cha mbele, kitako kimebanwa kifuani kwa mkanda, na kamba inavutwa kwa kipande cha ngozi kilichong'atwa, nguvu yote ikitoka shingoni na mgongoni. Alipiga hesabu ya shingo, ya mgongo, ya taya. Haikuwa na kosa. Katika miaka sita hakuwa amebuni kitu kizuri kuliko kile. Akauita Upinde wa Meno.

Kilichokosekana ni kasoro. Kasoro ya kweli ilikuwa kwamba ni mzito kuuvuta, na hilo halimchekeshi mtu. Tena meza ilikuwa imemrudishia silaha mbili mfululizo, na Jumamosi iliyotangulia mmoja wao alipiga miayo Fundi akiwa bado amesimama. Akakaa na penseli mdomoni. Kisha akaandika chini ya mchoro: "Kasoro: anayeuvuta hutokwa na udenda na sura humgeuka. Adui akiiona hupoteza zamu moja kwa kucheka."

Jumamosi ilipofika alisoma, na watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuvumiliana.

"Sura inageukaje?" Mkuu wa Meza akauliza. "Tuonyeshe, tuamue."

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kukataa. Angesema ni sura tu ya mtu anayejikaza, wakapiga kura, na dunia ingeendelea. Badala yake alichukua mkanda wa begi lake, akaung'ata, akanyoosha shingo, akafumba jicho moja, akapandisha mdomo mpaka fizi zikaonekana, akaacha mate yateremke, na kwa kuwa meza ilikuwa imeanza kuvunjika mbavu, akatia na chumvi: akakoroma. Vidonge, mfamasia wa hospitali ileile, alianguka na kiti chake. Upinde ukapita bila kura, Vidonge akaudai kwa ajili ya mhusika wake, na Fundi akapigiwa makofi ambayo hakuwa amepigiwa tangu aanze. Tusidanganyane: alipokuwa anaifanya sura ile, alijua vizuri kabisa ni ya nani.

Kuanzia siku hiyo ikawa salamu yao. Wakikutana sokoni, sura. Wakiagana, sura. Fundi akipita mbele ya dirisha la dawa, Vidonge alimfanyia ile sura kupitia kioo, na Fundi alijibu kwa kuinua dole gumba.

Mwalimu alirudi wiki mbili baadaye, siku ya kutengeneza kalibu, yaani kuuzungushia mkono wake plasta ili mkono wa bandia uumbwe kwa umbo hilo. Kabla ya hapo fomu ilitakiwa kugongwa muhuri masjala. Fundi akafungua droo alimoweka fomu na michoro pamoja, akaona karatasi zenye jina la Mwalimu juu, akazibana kwa klipu na kumkabidhi bila kuzigeuza. Akamsindikiza koridoni amwonyeshe foleni. Walipopita dirisha la dawa, Vidonge, ambaye hakumjua Mwalimu hata kidogo, akaifanya ile sura yote, shingo, jicho na fizi.

"Rafiki yako anaumwa jino?" Mwalimu akauliza kwa huruma.

"Ah, huyo," Fundi akasema. "Huyo ni mcheshi tu."

Akarudi karakana kuandaa maji na plasta. Foleni ya masjala ilikuwa ndefu, na mwalimu akikaa kwenye benchi na karatasi mkononi atazisoma, hiyo ndiyo kazi yake. Saa nzima ikapita. Mwalimu aliporudi aliweka karatasi mezani, na ile ya juu ilikuwa ya mchoro. Karani wa masjala, ambaye hugonga chochote kinachopita mbele yake, alikuwa ameugonga muhuri katikati ya tumbo la mpiga mishale: IMEPOKELEWA, na tarehe.

Fundi akaufunika mchoro kwa kiganja, akiwa amechelewa.

"Nimesoma yote," Mwalimu akasema. "Nilidhani ni maelekezo ya mkono wangu."

"Mwalimu, hiyo ni... huo ni mchezo. Tunacheza mchezo na wenzangu, sisi..."

"Rafiki yako hana jino bovu," Mwalimu akasema.

Akachukua mkoba wake, akautia begani, akatoka. Hakupaza sauti wala kubamiza mlango. Plasta haisubiri mtu. Fundi alipokuja kuitazama ilikuwa imegandia kwenye beseni, na ilibidi aipasue kwa nyundo.

Jumanne iliyofuata Mwalimu hakuja. Fundi alikuwa ameandaa kila kitu tangu saa mbili asubuhi, akakaa anatazama mlango hadi saa kumi. Bila kalibu hakuna mkono. Na kama Mwalimu angekata tamaa, haingekuwa kwa sababu ya umbali au foleni kama wale wengine. Ingekuwa kwa sababu yake yeye, mtu aliyeajiriwa kumpa mkono. Namba ya simu ilikuwa kwenye fomu. Aliiandika mara nne kwenye simu yake na kuifuta mara nne, kwa sababu hakujua baada ya "shikamoo, Mwalimu" angesema neno gani.

Nyumbani akashindwa kumeza chakula, na mke wake si mtu wa kudanganywa na maumivu ya tumbo.

"Baba watoto, sema. Umefukuzwa kazi?"

Akamweleza. Alianza vizuri, na mhandisi aliyemo ndani yake akapata nafasi ya kueleza kikanyagio na ngozi na hesabu ya shingo.

"Uliiga anavyovuta," mke akasema.

"Niliiga namna ya kuvuta. Ni mbinu. Kwa kweli nilimsifia."

"Na sura?"

Fundi akatazama sahani.

"Ulifanya na sura," mke akasema taratibu, na akaacha kula. "Basi usinieleze mimi ulivyomsifia. Huo mdomo uliouiga si wangu."

Jumamosi alikwenda mezani kwa nia moja, upinde ufutwe. Vidonge akawa wa kwanza kudai kwamba hilo haliwezekani, silaha ikishapita imepita, na huu ulikuwa umemwokoa mara tatu.

"Mwenyewe ameiona," Fundi akasema.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye hiyo sura. Ni mgonjwa wangu. Hana mkono. Alikuwa anafunga bandeji." Akamgeukia mfamasia. "Alipita na mimi pale dirishani kwako, Vidonge."

Vidonge akaiweka dadu mezani kama kitu kilichomuunguza. Mkuu wa Meza akafungua daftari, akachukua rula, akapiga mstari juu ya Upinde wa Meno, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Kisha akasema bila ukali wowote, na ndiyo maana neno lilimkata Fundi maini:

"Wewe hukutuambia ni mtu. Ulituambia ni upinde."

Ilikuwa kweli. Alikwenda pale akitumaini kugawana aibu kwa watu watano, akaondoka nayo yote peke yake.

Jumanne ya pili, saa nne, Mwalimu akaingia. Fundi akasimama haraka hadi kiti kikaanguka. Bandeji ya Mwalimu haikuwa na fundo leo. Ilikuwa imeshikizwa kwa pini mbili, zimechomekwa sambamba, kazi ya mtu mwingine, mwenye mikono miwili.

"Mwalimu, kabla ya yote, naomba nikuambie kwamba mimi..."

"Hiyo samahani nimeiona tangu mlangoni," Mwalimu akasema. "Kaa nayo kwanza. Nina swali."

Akaketi. Akaweka mkoba magotini.

"Pale kwenye karatasi umeandika sura humgeuka. Watu walijuaje inavyogeuka? Uliwaonyesha?"

Uongo ulikuwepo, mfupi tu, ungetoshea mdomoni. Fundi akaumeza.

"Niliwaonyesha."

"Wangapi?"

"Wanne. Pamoja na yule wa dirishani."

"Kwa hiyo ninyi watano mnaijua, na mimi mwenyewe siijui. Kioo sijawahi kukiweka mbele nikifunga bandeji. Mume wangu alishafariki, hakuna wa kuniambia." Alisema kama anayetaja namba ya ukurasa. "Nionyeshe."

"Mwalimu, tafadhali."

"Nionyeshe, Fundi."

Akachukua kipande cha bandeji mezani. Akakishika kwa meno, akavuta kidogo, akainamisha shingo kidogo, jicho akalikunja tu. Alifanya kitu ambacho ungemfanyia mtoto aliyelazwa, na alidhani huo ndio wema.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Hapo umepunguza. Sura hiyo watu hawaicheki. Fanya ile waliyoicheka."

Ikabidi aifanye. Akanyoosha shingo, akafumba jicho, akapandisha mdomo hadi fizi. Mate yalikuja yenyewe, yakamteremkia kidevuni na kwenye aproni, na hakuthubutu kuyafuta. Hata ule mkoromo aliutia, kwa kuwa aliutia siku ile. Ulisikika mkubwa sana katika chumba kile kidogo. Mwalimu alimtazama mwanzo hadi mwisho, macho makavu, kwa ule umakini wa mtu anayesoma jibu la mwanafunzi mstari kwa mstari.

"Asante," akasema.

Fundi akaitoa bandeji mdomoni. Akasema samahani, mara mbili.

"Nina watoto hamsini na wawili darasani," Mwalimu akasema. "Kila asubuhi nafungua boksi la chaki mbele yao, kwa meno. Huwa wananyamaza kimya kabisa. Mwaka mzima nimekuwa najisemea, watoto hawa wana heshima."

Fundi akafungua mdomo. Alitaka kumwambia kwamba ndiyo, ni heshima, watoto huona tofauti, wanampenda. Huenda ilikuwa kweli tupu. Lakini kati ya watu wote, yeye ndiye asiyeweza kulisema neno hilo likaaminika, na akaufunga.

"Huo mkono utachukua muda gani?"

"Wiki tatu, Mwalimu. Nikikesha nao, mbili."

"Usikeshe. Ufanye vizuri, nao ufungue vitu, siyo kushika rejista tu." Akafikiri kidogo. "Kwa wiki hizo, mtoto wa dawati la mbele atanifungulia chaki."

Akachomoa zile pini mbili, akazitia mfukoni pamoja na kalamu, na kumnyooshea Fundi mkono wa kushoto. Fundi akachanganya plasta, akaanza kuzungusha, safu juu ya safu, kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Mwalimu akageuza uso, akautazama ukuta mpaka plasta ilipokauka.